Jiji limevunjwa, na sisi tulikuwa wapi?



Tarehe 24 Februari 2021 nilikuwa Buguruni kwenye kibanda cha fundi simu, nasubiri anibadilishie tundu la chaji. Redio ilikuwa inatoa habari za Rais: kafungua daraja la Kijazi pale Ubungo, kafungua na stendi mpya ya mabasi kule Mbezi. Halafu ikaja habari nyingine, kwamba Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam imevunjwa, na kuanzia sasa Manispaa ya Ilala ndiyo itakayoitwa Jiji.

Nikaruka. "Umesikia? Wamevunja Jiji!"

Fundi hakuinua hata kichwa. "Kwani lilikuwa linafanya nini?"

Mama mmoja aliyekuwa anasubiri kuweka vocha akacheka. "Mimi nilijua Jiji ni wale mgambo wanaobeba meza za watu."

Nikataka kujibu, nikakuta sina jibu la maana. Mimi, niliyewahi kukesha kwa ajili ya umeya wa Jiji hilohilo. Mimi niliyepigwa jua nje ya Karimjee mwaka 2016 mpaka sauti ikakauka. Swali la fundi limenikaa kooni wiki nzima, ndiyo maana leo naandika.

Najua mtandaoni mmeshatoa jibu la haraka: ni kisasi, wamelivunja kwa sababu tuliwahi kulishika. Jamani, tusijidanganye. Hoja hiyo inakataliwa na kalenda. Jiji hili siku linavunjwa halikuwa letu. Baada ya Oktoba 2020, kwa uchaguzi ule ambao sote tunajua ulivyokwenda, majimbo yote kumi ya Dar yalirudi CCM na mabaraza yakafuata. Kwa hiyo wamevunja halmashauri yao wenyewe. Sababu iliyotolewa ni kwamba Jiji halikuwa na eneo lake, kwamba ardhi na wananchi wote wako kwenye manispaa tano, na kwamba juu yao kulikuwa na safu nyingine ya madiwani wa kulipana posho.

Sasa hapo ndipo panapouma, maana sababu hiyo fundi wangu angeikubali bila kusukumwa. Halmashauri ya mji mkubwa kuliko yote nchini imezimwa kama kibatari na hakuna aliyelia. Mimi nadhani tuna deni katika hilo.

Turudi nyuma kidogo, hasa kwa wadogo zetu ambao mwaka 2015 walikuwa bado shule.

Uchaguzi wa Oktoba 2015, UKAWA tulichukua majimbo sita kati ya kumi ya Dar es Salaam: Kawe, Ubungo, Kibamba, Ukonga, Kinondoni na Temeke. Madiwani nao tukavuna. Kinondoni tukapata meya, Ilala tukapata meya. Ikabaki Jiji. Hesabu ilikuwa wazi kwa kila mtu anayejua kujumlisha, na ndiyo sababu uchaguzi wa meya wa Jiji ukawa hauishi kuahirishwa. Tarehe 27 Februari 2016 wajumbe wamekaa ukumbini Karimjee, ikatangazwa kuna zuio la mahakama. Vurugu ikazuka, polisi wakaingia, na baadaye wabunge wetu wakajikuta wanapanda kizimbani. Tulirudi nyumbani siku ile tukiwa na hasira ambayo sijawahi kuisahau.

Tarehe 22 Machi kikafanyika. Isaya Mwita, diwani wetu wa Vijibweni kule Kigamboni, kura 84. Yenga Omary wa CCM, kura 67. Nakumbuka namba zilivyotoka nje kwa simu kabla hazijatangazwa, na jinsi barabara ile ya Sokoine ilivyojaa watu wanaokumbatiana na watu wasiowajua. Mzee mmoja alinishika mkono akasema, "Mwanangu, sasa mji ni wetu."

Mji haukuwa wetu. Hilo ndilo ninalotaka tulizungumze bila kuoneana aibu.

Kwanza, meya wa nchi hii hachaguliwi na wananchi. Wewe unampigia kura diwani wa kata yako, basi. Meya anachaguliwa na madiwani wenyewe, kutoka miongoni mwao, na kwenye baraza hilo wamo pia madiwani wa viti maalumu na wabunge. Naibu meya anachaguliwa kila mwaka. Maana yake ni kwamba mapambano yote ya umeya hayako mtaani, yako kwenye orodha ya nani ana haki ya kuingia ukumbini. Anayeshika orodha ndiye anayeshika mchezo.

Wana Arusha wanalijua hili kwa damu. Desemba 2010 umeya wao ulikuwa unategemea kura moja moja, na hoja kubwa ikawa: mbunge wa viti maalumu kutoka Tanga anapigaje kura kumchagua meya wa Arusha? Meya akatangazwa, sisi tukakataa, na tarehe 5 Januari 2011 tukaandamana. Watu watatu waliuawa siku ile. Watu watatu, kwa swali la nani aliyestahili kukaa kwenye kiti ukumbini. Mtu asije akawaambia uchaguzi wa meya ni mambo madogo ya halmashauri.

Pili, meya akishapatikana, mwenye kalamu ya fedha si yeye. Ni mkurugenzi, na mkurugenzi anateuliwa na Rais. Meya anaongoza kikao, anavaa joho na mkufu, anakata utepe. Mkurugenzi anasaini. Baraza likiamua jambo ambalo wakubwa hawalitaki, linaweza kulala kwenye faili mpaka madiwani wasahau waliamua nini.

Hata hicho kidogo kilichokuwepo kikaanza kumenywa kama chungwa. Mwaka uleule wa 2016, kodi ya majengo ikaondolewa halmashauri na kupelekwa TRA. Mwaka 2017 ada za mabango nazo zikaenda hukohuko. Julai 2017 ikaanzishwa TARURA, barabara za mitaa zikatoka mikononi mwa madiwani. Desemba 2018 vikaja vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000, vikigawiwa na wakuu wa mikoa na wilaya, na ushuru mdogomdogo wa machinga na mama ntilie ukakatika. Nisieleweke vibaya, ushuru ule ulikuwa kero na mimi sitaulilia. Ila tazama jumla yake. Diwani uliyemchagua akupigie kelele kuhusu barabara, barabara si yake tena. Unamuuliza fedha, fedha zinakusanywa na mwingine. Anabaki na nini? Na mgambo.

Yule mama wa vocha alikuwa sahihi kuliko alivyojua.

Tatu, na hapa naomba mnivumilie, tulichimbwa kutoka ndani. Kati ya wale wabunge sita wa 2015, watatu walihamia CCM kabla muhula haujaisha: Kinondoni, Ukonga, Temeke. Wote na wimbo uleule wa kuunga mkono juhudi. Madiwani ndio usiseme. Kila aliyehama alihama na kura yake ya umeya mfukoni. Januari 2020 wakakutana Karimjee, ukumbi uleule, safari hii kumng'oa Mwita, wakabishana kama theluthi mbili imetimia ama haikutimia, na mwisho wa yote akaondolewa. Nilipita pale nje wiki ile. Hapakuwa na umati. Palikuwa na askari, waandishi wa habari, na muuza maji.

Nikajiuliza ule umati wa Machi 2016 uko wapi. Jibu ninalo, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa sehemu ya ule umati.

Mwaka 2019 tulikuwa vijana kumi, tumeunda kikundi cha kuchomelea mageti na madirisha. Sheria iko wazi tangu 2018: kila halmashauri itenge asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, nne kwa vijana, nne kwa wanawake, mbili kwa watu wenye ulemavu. Tukaandika katiba, tukapiga muhuri kwa mtendaji, tukamfuata afisa maendeleo ya jamii, tukapeleka kwenye manispaa moja hapa Dar ambayo sitaitaja. Miezi ikaenda. Leo mhusika yuko semina, kesho mfumo uko chini, keshokutwa subirini robo ijayo.

Mwalimu mstaafu jirani yetu akaniuliza, "Mmekwenda kwenye baraza?" Nikamwambia sisi si madiwani, mzee. Akanitazama kama nimetukana. "Mkutano wa baraza la madiwani ni wa wazi, kijana. Kila baada ya miezi mitatu. Nenda kakae usikilize hela yako inavyozungumzwa."

Nikaenda. Miaka mitatu tangu nipige kelele nje ya Karimjee, ndiyo mara yangu ya kwanza kukaa ndani ya baraza lolote la madiwani. Upande wa wananchi tulikuwa watatu: mimi, mwandishi mmoja wa habari, na dada mwenye mgogoro wa kiwanja aliyebeba bahasha ya kaki. Watatu, makamanda. Manispaa yenye watu wengi kuliko mikoa mingine.

Madiwani walibishana muda mrefu sana kuhusu ziara ya mafunzo mkoa mwingine, nani aende na nani abaki. Wa pande zote mbili, wetu na wao, nasema kweli. Hapo ndipo nilipoona umoja wa kitaifa. Taarifa ya mikopo ya vijana ilipofika, mwenyekiti wa kamati alisoma ukurasa, akauliza kama kuna mwenye hoja, kimya, ikapita. Sikuhesabu dakika, ila chai yangu ilikuwa bado ya moto. Diwani wa chama chetu niliyemnadi kwa miguu yangu, nyumba kwa nyumba, alikuwa anachezea simu.

Baada ya kikao nikamfuata. Nikamwambia, mheshimiwa, ile taarifa inasema fedha zimetolewa kwa vikundi, mbona sisi hatujajibiwa hata barua? Akanijibu kwa upole kabisa: "Kamanda, sikujua kama kuna mtu anafuatilia."

Simlaumu sana. Hakukuwa na mtu anayefuatilia. Sisi tulifuatilia kiti. Siku ya kupata kiti tulikuwa mamia nje ya geti, na siku kiti kinapofanya kazi hakuna hata mmoja wetu aliyekuwepo kukitazama. Mtu wa namna hiyo, ukimvunjia halmashauri yake, anatakaje aandamane? Ataandamana kwa ajili ya kitu gani alichowahi kukiona?

Wakati huohuo tusikubali kwamba Jiji halikuwa na kazi. Lilikuwa nayo, ila hakuna aliyetuambia. Dampo la Pugu Kinyamwezi linapokea taka za mji mzima, wa Kinondoni kwa wa Temeke. Mto Msimbazi unaanzia milima ya Pugu, unakatiza manispaa zaidi ya moja, unajaa Jangwani kila mvua kubwa inapokuja, unaingia baharini pale Salenda. Mafuriko ya Jangwani hayaulizi mpaka wa Ilala na Kinondoni uko wapi. Ile stendi ya Mbezi iliyofunguliwa siku ileile iliyotangazwa kuvunjwa, ni Jiji hilo lililoisimamia. Palihitajika meza moja ambapo manispaa tano zinakaa zikabishana mbele ya watu. Meza ilikuwa mbovu, mguu mmoja umevunjika, sawa. Sasa hakuna meza, na mabishano hayo yatahamia ofisi ya mkuu wa mkoa, ambaye hakuchaguliwa na yeyote.

Na kuna vichekesho vyake. Kwa mpangilio mpya, mtu wa Chanika au Msongola, aliyezungukwa na mikorosho, ni mkazi wa Jiji. Mtu wa Masaki na ghorofa zake ni wa Manispaa ya Kinondoni. Kitaa kizima kinataniana kwa hilo wiki hii. Jamaa yangu wa Pugu ameanza kudai aitwe mtu wa mjini.

Wazee watawaambia si mara ya kwanza. Mji huu ulipata hadhi ya Jiji Desemba 1961, mwaka mmoja baada ya kumpata Sheikh Kaluta Amri Abedi, Mwafrika wa kwanza kuwa meya wake, huyo ambaye uwanja wa Arusha unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1972 serikali za mitaa zikafutwa nchi nzima, mijini zikarudishwa 1978 baada ya watu kuchoshwa na uchafu na kipindupindu. Mwaka 1996 Halmashauri ya Jiji la Dar ikavunjwa tena, ikawekwa Tume chini ya Charles Keenja mpaka mwaka 2000. Wazee wengine wanaisifu Tume ile mpaka leo, wanasema taka zilizolewa na mji ukapumua. Sibishani nao. Ninachokiona mimi ni kwamba kila halmashauri ikishindwa, dawa inayotolewa ni kumwondoa mwananchi zaidi, haijawahi kuwa kumsogeza karibu. Na Katiba yetu, ibara ya 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Someni wenyewe, ni fupi.

Kwa hiyo tudai nini? Wengi mnasema meya achaguliwe moja kwa moja na wananchi, na mimi naunga mkono kwa mikono miwili. Hilo liingie kwenye madai yetu ya Katiba mpya, pamoja na mkurugenzi aajiriwe na kuwajibishwa na baraza. Lakini msidhani kura ya moja kwa moja ni hirizi. Jirani zetu Nairobi wanamchagua gavana wao wenyewe tangu 2013, na mwaka 2020 tuliona gavana anapokonywa majukumu makubwa yanakwenda kwa chombo kipya cha serikali kuu, kisha Desemba akaondolewa kabisa. Tofauti ni kwamba wenzetu waliona hatua kwa hatua, kwenye bunge la kaunti na kwenye Seneti, mchana kweupe. Sisi tumesikia kwenye redio ya fundi simu.

Najua mtaniambia: kamanda, mabaraza yote sasa ni ya CCM, twende kufanya nini? Nakubali, hatuna madiwani wa kuwatuma. Mwaka 2019 tulijitoa uchaguzi wa mitaa, na nilikubaliana na uamuzi ule, wagombea wetu walikuwa wamekatwa kwa mafungu. Lakini hasara yake tunaibeba: hata mwenyekiti wa mtaa wa kutupa muhuri bila kutuuliza kadi hatuna. Ndiyo maana nasema kiti cha wananchi kule nyuma ya ukumbi ndicho pekee kilichobaki ambacho hatuhitaji tume ya uchaguzi kukikalia. Hakihitaji fomu wala hakiwezi kuenguliwa.

Kikundi chetu, tumebaki saba sasa, tumekubaliana tuanze. Kila kikao cha robo mwaka watu wawili wanakwenda, wanaandika: mapato ya ndani yalikuwa kiasi gani, asilimia nne ya vijana ni ngapi, vikundi gani vimepewa, kata gani. Diwani wa CCM wa kata yetu nimeshamfuata, nikamwambia tutakuwepo. Alishtuka kidogo, kisha akasema karibuni. Tutaona.

Tangazo la kikao kijacho likibandikwa pale ofisi ya kata nitalipiga picha nilitume kwenye grupu. Atakayekuja aje mapema, aje na daftari na kitambulisho. Na tafadhali, msivae kombati, mgambo wasije wakapata sababu ya kutuzuia mlangoni.